Kitufe cha Theluji

Kitufe hakibebi mzigo, huita mbebaji. Mmemsikia jirani yetu Mama Subi akimwambia hivyo kijana aliyekuwa akiburuta kabati peke yake kwenye ngazi, nanyi mkacheka, mkaniuliza kitufe kimeingiaje kwenye habari za makabati. Kaeni basi, wala msiniharakishe. Chanzo chake ni gari moja la Mbeya na fundi mmoja mbishi aliyeitwa Lugano.

Lugano alikuwa fundi wa injini za magari pale mtaa wa Mwanjelwa, na injini zilimtii. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakujua kuomba msaada. Giaboksi ambayo wenzake huibeba watu watatu, yeye aliibeba mwenyewe, na mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda kwa ajili hiyo. Ukimwonya, atakwambia mwanamume haiti watu.

Siku moja kijana Ipyana alimletea gari la marehemu baba yake, aliyekuwa mwalimu. Alitaka lifungwe turbo, lipate nguvu za kushindana katika mbio za kupanda mlima siku ya Jumamosi. Mama yake alikuja naye, akatoa ruhusa kwa sharti moja.

"Injini ifanyeni mtakavyo," alisema. "Ila dashibodi isitobolewe hata tundu la sindano. Mwalimu aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa chake mwenyewe."

Kisha akagusa kitufe kimoja kando ya usukani, chenye picha ya chembe ya theluji iliyoanza kufutika. Gari lilitoka Japani, na kitufe kile kiliwekwa kiwandani kwa ajili ya barabara zenye theluji. Mbeya hakikuwa na kazi. Lakini mwalimu alikibonyeza kila asubuhi ya baridi alipowapeleka watoto shule, akawaambia, "Vaeni makoti, theluji inakuja," nao wakaangua kicheko. Mama alipoyasimulia hayo alitabasamu peke yake. Lugano akamwahidi kwamba kila kitu cha mwalimu kitabaki kama kilivyo.

Turbo ilikaa vizuri. Lakini turbo huichemsha hewa inayoingia kwenye injini, kwa hiyo Lugano akafunga pampu ndogo ya kurushia maji kwenye kipoza hewa, mbele ya gari. Pampu ilitaka swichi, na kutoboa kumekatazwa. Hapo alipata wazo zuri, tumpe haki yake: kitufe cha theluji kipo na hakina kazi, basi kipewe hii. Kilichomponza ni kwamba umeme haukuwa fani yake, na fundi umeme alikuwa ng'ambo ya barabara tu. Huyo ni Tusekile, binti aliyejifunza ufundi wa magari kwake kabla ya kusomea umeme na kufungua kibanda chake. Lugano aliona haya kumwuliza mwanafunzi wake.

Akaunganisha nyaya mwenyewe, moja kwa moja kutoka kwenye pampu hadi kwenye kitufe. Alipobonyeza, maji yaliruka, akafurahi. Dakika mbili baadaye dashibodi ikaanza kutoa moshi. Alizima upesi, akakichomoa kitufe. Uso wa kitufe ulikuwa mzima na ile picha ipo, lakini ndani kilikuwa kimeyeyuka chote.

Hiyo ilikuwa Ijumaa asubuhi, na mama angekuja mchana. Lugano alikaa kwenye kiti cha dereva, kitufe kiganjani, akiwaza atamwambiaje mjane kwamba amekiunguza kicheko cha watoto wake. Halafu akafanya jambo ambalo Mwanjelwa nzima haikuwahi kuliona. Alisimama mlangoni, akaita.

"Tusekile, mwanangu, njoo unisaidie. Nimeshindwa."

Tusekile alivuka barabara mbio akidhani mtu ameangukiwa na gari. "Shikamoo, fundi. Umeumia?"

"Marahaba. Sijaumia. Hebu tazama hiki."

Tusekile alikigeuzageuza, wala hakucheka. "Umeme wote wa pampu umeupitisha humu?"

"Ungepita wapi tena?"

"Hiki ni kitufe tu, baba. Hakibebi mzigo, huita mbebaji." Akatoa mfukoni kidude cheusi ambacho mafundi hukiita rilei. "Mbebaji ndiye huyu. Tunamweka kule mbele karibu na betri, aupokee umeme mzito. Kitufe kinampelekea umeme kidogo tu, kama mtu anayemgusa mwenzake begani."

Mkono wa Lugano ulienda wenyewe kiunoni, pale panapomuuma. "Kumbe kitufe kimenizidi akili," akasema.

"Miaka yote nilikuwa hapa hapa, fundi. Hukuniita tu."

Tusekile akaleta kitufe cha namna ile ile kutoka kwenye gari bovu, akatoa vya ndani yake na kuvitia nyuma ya uso wa kile cha mwalimu. Akafunga fyuzi na rilei. Lugano alimshikia tochi chini ya dashibodi, akimpa koleo na bisibisi kila alipoomba.

Mama alipofika, hakuna ambacho kingemjulisha kilichotokea. Lakini Lugano alimweleza yote. "Nilikiunguza, mama, nisamehe. Aliyekiokoa ni huyu binti. Namshukuru mno."

Mama aliingia garini, akabonyeza. Maji yakaruka kwa mbele, yakamlowesha Ipyana aliyekuwa ameinama kuchungulia, naye akaruka kando. Mama alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Vaa koti, mwanangu," akasema. "Theluji imekuja."

Kisha akashika mkono wa Tusekile na wa Lugano kwa pamoja. "Mwalimu alikibonyeza miaka yote ile, hakuna kilichoitika. Leo mmemwitikia. Ahsanteni sana."

Katika mbio za Jumamosi Ipyana alikuwa wa nne, na hakuna anayelikumbuka hilo. Linalokumbukwa ni la Jumatatu. Iliposhushwa giaboksi ya lori, Lugano alisimama mlangoni akawaita watu watatu, Tusekile akiwa wa kwanza. Watu wakamkodolea macho, wengine wakauliza kama anaumwa.

"Siumwi," akasema, akijinyoosha mgongo. "Kitufe hakibebi mzigo, huita mbebaji."