Bi Kiboko Atafuta Limbwata

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na kadi za maktaba, na mamba anapanga foleni kama mtu yeyote, palikuwa na maktaba kando ya mto, na mkutubi wake mkuu alikuwa Bi Kiboko.

Bi Kiboko alikuwa na cheti ukutani, miwani yenye mnyororo, na kauli ya mwisho. Kijana wa umri ule ambao sauti hukatika katikati ya sentensi akija kuomba kitabu cha likizo, haulizwi kitu. Anakabidhiwa *Adabu za Kijana Mwema*, juzuu la pili. Akikirudisha, anapewa karatasi aandike muhtasari na funzo. Wengi hawakurudi tena. Bi Kiboko mwenyewe, tuambiane ukweli, hakuwahi kuvuka utangulizi.

Msaidizi wake alikuwa Kindi, mwembamba kama ufagio uliochakaa, mwenye rafu moja tu pembeni, karibu na dirisha. Huko ndiko vijana walikojazana. Kindi aliwauliza mambo ya ajabu: nini kimekuudhi wiki hii, ungekuwa na mabawa ungemtoroka nani. Kisha chwa, chwa, chwa, anapanda rafu, anashuka na kitabu, anasema soma ukurasa wa kwanza, kisipokushika kirudishe, wala hakitanuna.

Bi Kiboko aliyaona haya kwa jicho la pembeni, akajipa moyo kwamba ni upepo, utapita.

Lakini siku moja alimwona Riziki. Riziki binti yake wa pekee, ambaye jioni zote alikuwa akikaa naye majini wakipiga soga, sasa amelala kifudifudi chini ya dirisha la Kindi, anacheka peke yake na kitabu kisicho na jalada. Mama akamwita. Riziki akajibu "mmh" bila kuinua kichwa.

Ile "mmh" ilimchoma Bi Kiboko kama mwiba wa mgunga. Mtoto nizae mimi, aliwaza, acheke kwa Kindi? Usiku akala kidogo, na kwa kiboko hilo si jambo dogo. Kulipokucha alikuwa amepata jibu. Kindi anatia limbwata vitabuni. Hakuna maelezo mengine.

Akaenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti Tembo, akadai Kindi afukuzwe kijijini na rafu yake ivunjwe kuni. Tembo, aliyekuwa akitafuna, alimaliza kutafuna kwanza. Akasema baraza litakaa Jumamosi asubuhi, ila harufu ya limbwata si ushahidi. Alete dawa yenyewe.

Ijumaa Bi Kiboko akamvizia Kindi peke yake maktabani, akasimama mlangoni akaujaza wote.

"We Kindi. Kile kitabu anachokisoma Riziki, umekipaka nini?"

Kindi akatazama mlango, akatazama dirisha, nalo limefungwa. Kisha akainamisha kichwa kama aliyekamatwa na kuku mkononi.

"Umenishika, Bi Mkubwa. Dawa imo. Ila sikuipaka juu. Nimeichanganya na maneno, katikati, na hata mimi nimesahau ukurasa gani. Ukiruka mstari mmoja inakukimbia. Anza mwanzo, usome kila neno." Akashusha sauti. "Nina nakala nyingine hapa. Ukiipata, tafadhali usinitangaze."

Bi Kiboko akakipokea kitabu, moyo ukimcheza ngoma. Ameisha huyu.

Asubuhi ya Jumamosi akainjika maharage, akaingia majini hadi kifuani, akaweka miwani, akashika penseli. Hadithi ilikuwa ya binti digidigi aliyetoroka bweni akajiunga na majambazi wa asali. Upuuzi, alisema Bi Kiboko, akapiga mstari chini ya neno lililomtia shaka. Akapiga na jingine. Ukurasa wa tatu majambazi wakamfunga digidigi kwenye mzinga wenye nyuki. Ukurasa wa tano penseli ikaanguka majini, chubwi. Hakuiokota.

Maharage yakaungua. Aliisikia harufu, akadhani ni ya kambi ya majambazi.

Riziki akaja ukingoni kumwambia kwamba baraza limekaa na Mwenyekiti anauliza. Mama akasema anakuja. Jua likapanda. Mwishowe baraza lenyewe likaja: Tembo mbele, Nyati na Twiga nyuma, Kindi katikati yao mikono nyuma kama mtuhumiwa.

"Bi Kiboko," akasema Tembo, "ushahidi uko wapi?"

"Nyamazeni kidogo. Amefika langoni."

Riziki akachungulia ukurasa, akaingia majini, chubuu, akasogea ubavuni kwa mama yake. "Hapo! Mama, huyo mlinzi wa lango, usimwamini, maana yeye ndiye—"

"Usiniambie!" akanguruma Bi Kiboko, ndege wote wakaruka mitini.

Tembo akamgeukia Kindi, akamuuliza kama kweli ametia limbwata. Kindi akasema kwa adabu kwamba aulizwe aliyelitafuta.

Bi Kiboko akainua macho. Neno moja tu lilitosha, na Kindi angeondoka na mkia wake hadi ng'ambo ya mto. Akautazama ule mkia mwembamba. Akalitazama bega la Riziki, lililokuwa limegusana na lake kwa mara ya kwanza tangu mvua za vuli.

"Dawa sijaiona," akasema, na kila neno lilimtoka kama jino. "Kindi abaki na rafu yake. Nanyi nendeni, mnanizibia mwanga."

Wakaenda. Alipofunga ukurasa wa mwisho, akamwita Kindi kwa sauti ambayo Kindi hakuwahi kuisikia, ya mtu anayeomba, akamuuliza kama kuna juzuu la pili.

"Lipo, Bi Mkubwa. Analo Riziki. Ndiyo kwanza ameanza."

Bi Kiboko akamgeukia binti yake, aliyekwisha kulala kifudifudi ukingoni, anacheka peke yake, kurasa zote zile tamu ziko mbele yake. Akasikia mwiba ule ule ukimchoma tena. Wivu, kumbe, haukuwa umekwisha. Ulihama nyumba tu.

Hapo ndipo nilipowaacha, wanangu, mmoja akisoma na mwingine akinyoosha shingo: asiyeonja raha ya kitabu asimchagulie mwenzake.