Tembo Wasio na Kivuli

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa mto mkavu.
Maji yakaenda wapi?
Kaeni chini, acheni kukohoa, niwaambie.

Hapo kale, katika nchi ya Mtemi Lukanda, tembo waliwindwa wakaisha. Nao tembo, jamaa zangu, ndio waliokuwa wakichimba mchanga wa mto wakati wa kiangazi, watu wakanywa nyuma yao. Walipokwisha, mchanga ukafunga. Watu wakachimba, wakachimba, wakachimba. Wakapata vumbi.

Alikuwako bibi mmoja, Nyamizi, ambaye binti yake alikuwa amejifungua. Kwa kiu, maziwa yakamkauka binti, na kitoto kikaanza kulia bila sauti.

Mtemi akaenda nchi ya mbali, akarudi na tembo watatu. Hakumwambia mtu. "Niwaulize ya nini?" alisema. "Nchi si yangu?"

Sasa hapa sikilizeni. Kule mgeni yeyote, awe bibi harusi, awe ng'ombe wa mahari, hupakwa usoni unga wa mtama uliochangwa kila nyumba, konzi moja moja. Ndipo ardhi humjua. Mtemi aliwapaka tembo wake unga wa ghala lake mwenyewe.

Asubuhi watu wakawakuta tembo wamesimama mtoni. Mbwa hawakubweka. Tembo hawakula, hawakuchimba, hawakupepea masikio. Jua lilikuwa linachomoza, na kila kitu kilikuwa na kivuli kirefu: miti, watu, hata mawe. Tembo hawakuwa nacho.

Wanaume wakashika mikuki. "Hiyo ni mizimu," walinong'ona.

"Wekeni chini," alisema Nyamizi. "Hao ni wageni wasiopokelewa. Mtemi, chukua ungo ukaombe unga."

"Mimi nikaombe?"

"Mjukuu wangu anakufa, baba. Mtaka cha mvunguni huinama."

Mtemi akainama. Akapita nyumba hadi nyumba, akapewa. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee Ngasa, ambaye mwanawe Masele, mchungaji, alikanyagwa na tembo zamani, akafa.

"Nani aliniuliza?" alisema Ngasa, akafunga mlango.

Basi Mtemi, mjanja wa watu, akarudi ghalani kwake mwenyewe, akachota konzi ya unga, akaijazia pale penye pengo. Nani angejua?

Tembo walijua. Alipowapaka, kivuli kikaanza kutoka: miguu, tumbo, masikio. Kilipofika kwenye mkonga kikasita, kisha kikanywea chote mchangani. Tembo watatu wakageuka, wakamtazama. Akaenda kushoto, wakamtazama. Akaenda kulia, wakamtazama. Akajifungia ndani, akawasikia wakivuta pumzi nyuma ya ukuta. Aliogopa, nisiwafiche.

Akatoka mbio hadi kwa Ngasa, akapiga magoti. "Nimesema umetoa, nawe hukutoa. Sikukuuliza, mzee wangu. Leo nakuuliza."

Ngasa akafungua mlango. "Nitatoa," alisema. "Ila nitawapaka mwenyewe, na njia yao nitaichagua mimi."

Akawapaka. Katika kila sikio akataja jina. Masele. Masele. Masele.

Kivuli kikatoka kizima. Tembo wakapepea masikio, wakachimba, maji yakapanda. Nyamizi akachota maji kwa kata yake, akakimbia nayo kwa binti yake. Siku chache baadaye kitoto kililia, na safari hii kijiji kizima kilisikia.

Lakini siku ile Ngasa alibaki mtoni. Tembo walipoondoka kwa njia aliyowachagulia, vivuli vilikuwa vinne. Vitatu vya tembo. Cha nne kilitangulia, kivuli cha mtu mwenye fimbo ya kuchungia, na mtu mwenyewe hakuwapo.

"Wapitishe mbali na mtama, mwanangu," alisema Ngasa.

Hadithi yangu nimeiacha pale mtoni, inakunywa. Anayeitaka akaichukue, lakini apige hodi kwanza.