Mlango Usio na Nyuma

Palikuwa na Liwali mmoja, Shekue jina lake, mali tele na ubahili wa kunuka. Ikifika saa ya kula, hujifungia chumba cha ndani na sinia lake. Akisikia hodi, sinia huburutwa hadi pembeni, mlango hufunguliwa kwa ndani, ukaliegemea, ukalificha. Mgeni hupewa mkeka na maji ya mtungi. Atanusa iliki mpaka pua imchoke, asione hata punje ya wali. Maana ukimkuta mtu anakula, hana budi akukaribishe. Usipomkuta anakula, shauri yako na njaa yako.

Sasa siku moja mkwewe, mtu wa pupa, akausukuma mlango kabla ya kuitikiwa. Ubao ukalipiga sinia, mchuzi ukamrukia Liwali hadi kwenye kilemba.

Kesho yake akaitwa Vuai, seremala. Mali yake yote ni kapu moja: tezo, randa, msumeno. Humo ndimo anamokula na mkewe.

"Fundi, nataka mlango mpya. Usifunguke ndani."

"Tutaufungua nje, Bwana."

"Nje kuna nguzo. Usifunguke nje pia."

"Basi tutundike pazia."

"Pazia hupepea, watu wakachungulia. Nataka ubao."

"Bwana, huo si mlango, huo ni ukuta."

"Siku nne! Utafanyia kazi hapa hapa, na kapu litalala kwangu. Ukishindwa, ndiyo umeagana nalo."

"Na huu wa sasa una kosa gani?"

"Una kelele."

Vuai akainama, akaukagua. Chini kabisa, upande wa ndani, ubao ulikuwa na doa la manjano. Akalikwaruza kwa ukucha, akanusa. Bizari! Akachukua msumeno.

Siku ya nne mlango ulikuwa tayari. Hauna bawaba. Umekaa kwenye mfuo, kijifereji cha kuchongwa, juu na chini, umepakwa mafuta ya nazi, ukiusukuma unakwenda upande kama kaa, unajilaza ubavuni mwa ukuta. Liwali akausukuma, akaurudisha, akausukuma tena, akacheka kama mtoto.

"Kesho adhuhuri njoo uchukue kapu lako."

Adhuhuri Vuai akaja. Hakuja peke yake: kaja na mwadhini na kinyozi, waliotaka kuuona huo mlango kaa.

"Hodi!"

"Ngojeni!"

Mazoea yana taabu. Likaburutwa sinia hadi pembe ile ile.

"Haya, karibuni!"

Vuai akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Mlango ukaenda zake. Sinia likabaki pembeni peupe, na kuku juu ya pilau, miguu juu, kama bibi harusi aliyevuliwa ushungi.

"Alhamdulillahi," akasema mwadhini, "tumekukuta unakula."

"Karibuni," akasema Liwali, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Wakanawa. Kidari cha kuku kilipokwisha, Liwali akafoka.

"Vuai! Kapu sitoi. Umeniharibia nyumba!"

"Mlango umefunguka ndani, Bwana?"

"La."

"Nje?"

"La."

"Ni pazia?"

"Si pazia!"

"Basi kapu langu."

"Haki yake, Bwana," akasema kinyozi, shavu limejaa paja.

Liwali akalisukuma kapu kwa mguu. "Lichukue! Lakini mlango wangu wa kwanza ulikuwa na nyuma. Huu nyuma yake iko wapi? Nataka mahali pangu pa nyuma ya mlango!"

Vuai akalipakata kapu, akatoa kamba ya kupimia.

"Hilo dogo, Bwana. Nitakuchongea kabati pembe hiyo hiyo. Wewe niambie tu, mbele ya wageni wako hawa: huko nyuma ulikuwa ukiweka nini, nijue kipimo?"