Mgeni Kwenye Ubao wa Sataranji

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majumba na majiko kama sisi, ugomvi wa nyumba uliamuliwa kwa sataranji. Anayeshindwa anafunga virago. Sheria hiyo aliitunga Chui, na wala sishangai, maana hakuna aliyewahi kumshinda.

Sasa Chui alilitaka pango la Pimbi liwe ghala lake la nyama. Pimbi, mnyama mdogo kama sungura, aliogopa sana. Mkewe alikuwa mja mzito, na mvua zilikwishaanza.

"Mzee Chui," Pimbi alisema walipoketi kwenye ubao, "hapa pana mfalme, malkia, farasi, askari. Nyumba gani haina mgeni?" Akatoa mbegu mbili za ukwaju. "Tuongeze mgeni, kila mtu na wake. Anakaa kwa mwenzio. Haliwi, naye hali. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Zamu yako ya tatu unamkabidhi jembe, anakuwa askari wako."

"Nisipompa?"

"Anakuwa mwenye nyumba. Mfalme wako anahama."

Chui akaangua kicheko, kwa kwa kwa! "Askari wa bure? Mlete!" Mbegu yake mwenyewe akaitupa kando. "Mimi siendi ugenini kwa mtu."

Tembo, mwamuzi, akasema amesikia.

Pimbi akamweka mgeni ubavuni pa mfalme wa Chui, kisha akasogeza farasi mahali pabaya. Nyam! Chui akamla. Pimbi akasogeza ngome. Nyam!

"Mume wangu, tutalala wapi?" mkewe akanong'ona.

Pimbi akamsukuma malkia wake katikati ya ubao, peke yake.

"Malkia! Pimbi, umelewa?" Nyam!

"Na jembe?" Pimbi akauliza.

"Jembe gani?"

"La mgeni. Siku ya tatu ndiyo hiyo imepita." Akamwondoa mfalme wa Chui taratibu, mbegu ya ukwaju akaiweka mahali pake.

Chui akamgeukia Tembo.

"Sheria ni yako, bwana," Tembo akasema. "Funga virago."

Jioni mvua ikashuka, shaa! Mara hodi pangoni kwa Pimbi. Alikuwa Chui, kalowa chapachapa. Wakamkaribisha, akala, akalala siku mbili.

Ya tatu, alfajiri, Pimbi akamletea jembe.

Basi, wanangu, mlafi hulikumbuka jembe likishafika mkononi mwake.