Kifua cha Mbaruku

Mbaruku wa Tanga alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na alitaka kazi ya ubaharia. Kilichobaki ni cheti cha afya, nacho kilikuwa kwa Dakta Kivuyo, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti.

"Umewahi kuugua pumu?" daktari aliuliza.

"Utotoni, Dakta. Iliniacha kabla sijaanza shule."

Daktari akaweka kalamu chini. "Pumu hulala, haihami. Ningekuona umekimbia, nikakusikiliza kifua, ningesaini. Lakini hapa hakuna uwanja. Nenda nyumbani."

Mbaruku akainuka kinyonge, akachungulia dirishani. "Dakta, lile gari jeupe si lako? Naona askari wa jiji wanalifunga mnyororo."

Daktari alitoka mbio, Mbaruku nyuma yake. Chini wakakuta gari limetulia, hakuna askari wala mnyororo.

"Wametuona wakatoweka," Mbaruku alisema. "Turudi upesi, wagonjwa wasije wakaondoka."

Wakapanda mbiombio, Mbaruku akisimulia harusi ya shangazi yake bila kituo. Walipofika juu, daktari alijibwaga kitini akihema kama mvukuto. Mbaruku akafungua vifungo vya shati.

"Sasa nisikilize."

Daktari akasikiliza kifuani, akasikiliza mgongoni. Hakusikia mluzi wowote. Akasaini, kisha akasogea dirishani apunge upepo. Mbele yake palikuwa na ukuta wa jirani, juu hadi chini, ambao kwa haraka ya kuliokoa gari alikuwa ameusahau.

"Wewe, gari langu uliliona wapi?"

"Nilipokuwa naingia, lina kibandiko cha daktari kiooni," Mbaruku alijibu, cheti kikiwa mfukoni. "Ulisema hapa hakuna uwanja, Dakta, nikaona ngazi zitatufaa."