Ng'ombe wa Mlangoni na Kidole cha Nesi Gaudensia

Rangi mbichi haiulizwi kwa kidole. Shangazi yenu amemwambia Tulia maneno hayo sasa hivi, maana tangu asubuhi Tulia amepiga simu mara tatu kule alikofanya usaili wa kazi, kuuliza kama majibu yametoka. Mnacheka, lakini naona hamjui mnachokicheka. Vuteni viti. Usemi huo una mahali ulipozaliwa, una siku yake, na ndani yake kuna ng'ombe.

Ulizaliwa Ilembetwa, huko kwetu kwenye baridi, ambako ukianika shati Jumatatu unalivaa Alhamisi, na bado linakupa mafua. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada yangu ya maendeleo ya jamii, nimepangiwa kata ile niwaendeleze watu. Siku ninayowasimulia, maendeleo yangu yote yalikuwa kushika bomba la hewa.

Zahanati ya Ilembetwa haikuwa na gari. Mgonjwa akizidiwa alibebwa kwa machela hadi hospitali, mwendo wa saa nne, kupanda na kushuka. Nesi mkunga aliitwa Gaudensia Mwalongo, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye akili. Mwaka uliotangulia mama mmoja alimfia njiani, machela ikiwa mabegani mwa watu, hospitali ikionekana ng'ambo ya bonde. Tangu siku hiyo Gaudensia hakumtania mtu.

Sasa alikuwa na mama mwingine, Yustina, mwenye mimba ya mapacha. Siku zake zilikuwa zimetimia na miguu ilikuwa imevimba. Kila asubuhi Gaudensia alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, halafu akaangalia kile kishimo kinachukua muda gani kurudi. Wakunga ndivyo walivyo, kidole ndicho kipimo chao cha kwanza. Na kila asubuhi kishimo kilichelewa kidogo zaidi.

Wiki hiyohiyo wilaya ikatutengea gari la zamani la idara ya mifugo. Injini yake ilikuwa nzima, shida ilikuwa sura. Lilikuwa la rangi ya udongo, na kwenye mlango wa dereva alichorwa ng'ombe mweusi, mkubwa, mwenye macho ya kushangaa kama ameulizwa swali la hesabu. Barua ikasema gari lipakwe jeupe lote, ng'ombe asionekane, na rangi iwe imekauka. Mkaguzi atafika Ijumaa saa tisa alasiri, na kabla hajatia saini gari lisibebe mtu. Akikuta halijawa tayari, gari linakwenda kata ya jirani, ambayo nayo ilikuwa imeliomba. Sisi tulilipokea Jumatano.

Tukamwita mzee Otmari Mligo. Alipaka rangi mabasi Makambako nusu ya maisha yake, kisha akarudi kulima viazi. Alikuja na kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, juu ya mkokoteni, na bunduki yake ya kupulizia rangi ameifunga kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akaliingiza gari kwenye ghala la mahindi, lile la mabati, akafunga madirisha, akamwaga maji sakafuni kulaza vumbi. Tukapiga msasa mpaka viganja vikaota malengelenge. Vioo tukavifunika magazeti. Kila alipotaka kupuliza alifungua kwanza koki chini ya kompresa na kuikojolesha, neno lake hilo, kwa sababu kwenye nchi ya ukungu hewa nayo hubeba maji, na tone moja likipita kwenye bunduki linaacha kovu.

Alipuliza mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, mwepesi sana. Bunduki aliiweka mbali kidogo na bati la gari, mkono ukitembea bila kusimama. Aliniambia ukisimama tu, rangi inarundikana na kuchuruzika. Na kila alipomaliza mkono mmoja, alipuliza pia kipande cha bati kilichokuwa kimening'inia ukutani. Nikamuuliza hicho cha nini. Akasema gari halina mdomo, hicho ndicho kitakachosema kwa niaba yake.

Alhamisi alasiri akamaliza mkono wa mwisho. Gari likawa jeupe, ng'ombe hayupo. Akatuambia mtu yeyote asiingie ghalani mpaka kipande cha bati kiseme kimekauka.

Ijumaa tukaamka kwenye ukungu. Si ule wa kupita, ule wa kukaa. Otmari akagusa bati kwa ukucha, akatikisa kichwa, akaondoka nami kwenda kunywa uji.

Asubuhi hiyo Gaudensia alimbonyeza Yustina mguu, akangoja, na kishimo hakikurudi. Yustina akasema kichwa kinamgonga na macho yanaona vimulimuli. Gaudensia akamlaza, akamwachia muuguzi mwenzake, akaja moja kwa moja ghalani. Hakuja kuharibu. Alikuja kuona kwa macho yake kama gari litaondoka leo.

Akasimama mbele ya mlango wa dereva, pale alipokuwa ng'ombe. Paling'aa. Na kidole gumba chake kikafanya kama kilivyofanya maisha yake yote: kikabonyeza.

Kikaacha kishimo.

Angeondoka hapo, kingebaki kishimo tu. Lakini mtu mwenye hofu hawezi kuacha kosa likae peke yake. Akashika pindo la kitenge akapangusa. Rangi ikajikunja kama utandu wa maziwa, ikatoka na kipande kizima, na chini yake likachungulia jicho moja la ng'ombe.

Tulimkuta amesimama, pindo la kitenge jeupe, anapumua kama aliyetua mzigo mzito. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Nimeliharibu, mzee," alisema.

Otmari akainama akalitazama lile jicho. Nilidhani atafoka. "Umeliuliza," alisema. "Umeliuliza kabla halijajua jibu."

"Paka tena. Paka sasa hivi."

"Nikipuliza juu ya ubichi, mlango mzima utajikunja, na ng'ombe atatoka na pembe zake. Rangi mbichi haiulizwi kwa kidole, Nesi. Ni kungoja."

"Yustina hawezi kungoja, na kwa machela hatafika."

Mzee akamuuliza, "Mtoto akichelewa kutoka, wewe unamvuta?"

"Hapana."

"Unafanyaje?"

"Nampima mama. Nasikiliza. Nampima tena."

"Basi nipimie na mimi." Akalitungua lile bati ukutani akampa. "Hili nililipuliza pamoja na mlango, rangi ya kopo moja. Libonyeze utakavyo. Gari usilisogelee."

Akatuma watu walete majiko ya mkaa, akayapanga nje ya ukuta wa mabati, maana ndani kulikuwa na thina ya kuyeyushia rangi, inayoshika moto upesi, na mzee hakutaka kutupeleka mbinguni kwa gari la mifugo. Ukuta ukaanza kutoa joto. Gaudensia akapewa kigoda ndani. Akawa anabonyeza bati, anangoja, anabonyeza tena pembeni kidogo, mstari kwa mstari, kama anayepanda maharage. Katikati akakimbia zahanati mara mbili kumwangalia Yustina, akarudi kwenye kigoda chake. Macho yetu yalikuwa yanaangalia kitu kimoja tu, lile bati, na alama zake zilizokuwa zinapungua kina polepole mno.

Saa sita na nusu alibonyeza, akalielekeza bati kwenye mwanga. Hakuna kitu. Akampa Otmari.

Otmari akalilainisha lile jeraha kwa msasa wa maji, kingo zote zikalala. Rangi ilikuwa imebaki kikombe kimoja. Akaiongeza thina, akapuliza. Mkono wa kwanza, jicho likatutazama kama kutoka ndani ya ukungu. Wa pili, ulilijua kwa sababu ulijua lilipokuwa. Wa tatu, ng'ombe akaenda zake. Akaligeuza lile bati, akalipuliza mgongoni, kikombe kikaisha.

Saa nane kamili, mkaguzi huyo hapo. Bwana Kihaule, mwamvuli mkononi, fomu kwapani. Alikuwa amewahi kwa kuogopa ukungu usimfungie barabara. Alizunguka gari, akaandika, akazunguka. Akafika mlango wa dereva, akanyoosha kidole.

Gaudensia akaingia katikati.

"Fomu inasema nihakikishe rangi imekauka, dada yangu."

"Hakikisha hapa, Bwana Mkaguzi." Akampa bati. "Ni rangi ileile, imepulizwa wakati uleule."

Mkaguzi akabonyeza. Alama ikabaki pale kama muhuri. Akatoa kalamu. "Haijakauka."

"Sasa ni saa nane," Gaudensia alisema. "Barua yenu inasema saa tisa."

Mkaguzi akamtazama, akatazama saa yake, akaisoma barua yake mwenyewe. Akakaa kwenye gunia.

Wanangu, nimewahi kusubiri mshahara, nimewahi kusubiri posa ijibiwe na baba yake shangazi yenu, lakini sijawahi kusubiri kama saa ile. Wanakijiji kama arobaini mlangoni, wanaangalia kipande cha bati magotini pa mtu. Saa nane na nusu mkaguzi akabonyeza: alama. Saa tisa kasoro robo: alama, hafifu. Mtu akakohoa, wenzake wakamtazama kama amekanyaga rangi.

Saa tisa. Mkaguzi akaweka kidole gumba, akakaza, akainua. Akalielekeza bati kwenye mwanga, kushoto, kulia. Akakitazama kidole chake. Kilikuwa safi.

Akaweka alama ya vyema kwenye fomu.

Yustina alipakiwa kwa mlango wa nyuma, magazeti yakiwa bado kwenye vioo vya ubavuni. Jioni ileile walimpasua hospitali, wakatoa wasichana wawili. Daktari alimwambia Gaudensia kwamba kwa machela wasingefika. Wote watatu walirudi Ilembetwa kwa gari lilelile, na dereva anaapa safari nzima ya kwenda Nesi hakumruhusu mtu kuegemea mlango.

Lile bati Gaudensia alilipigilia msumari kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia, alama zake za vidole zikiangalia nje. Baba akija kugonga kila dakika kuuliza tayari, tayari, Nesi alimwonyesha bati, akarudi kazini kwake. Hivyo ndivyo usemi ulivyotoka ghalani ukaingia vinywani mwa watu, ukatembea mpaka ukafika hapa sebuleni.

Sasa Tulia, hiyo simu iweke juu ya kabati. Wale watu wa usaili bado wanakauka. Kama kidole kinakuwasha sana, jikoni kuna viazi vinangoja kumenywa, hivyo vibonyeze utakavyo. Rangi mbichi haiulizwi kwa kidole.