Kiazi cha Moto na Mbio za Kisimani

"Kisa, kisa!"

"Njoo kisa, mkeka tumekutandikia!"

Aa, hamkuitika hivyo. Mmeitika kama watu waliotumwa dukani kwa nguvu. Mvua inapiga bati na meno yangu mimi si mengi, basi sogeeni mnisikie. Saumu, acha kumfinya mwenzako. Na wewe Mbaruku, toka hapo jikoni kwenye majivu. Viazi havijaiva, na vikiiva nitagawa mimi.

Nimewasikia tangu asubuhi mnapigia kelele redio. Fulani kakimbia mita mia, fulani kavunja rekodi! Mnadhani rekodi zilizaliwa pamoja na redio? Nyamazeni niwaambie.

Zamani, zamani ile ya kuku kugombana na kunguru nani abaki na watu na nani aende porini, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwemkungu. Kilikuwa na mitaa miwili, Mlimani na Bondeni, na kisima kimoja tu. Kiangazi kikiingia, maji yalijikusanya usiku, kidogokidogo, na asubuhi waliochota mwanzo walipata maji meupe. Waliochota mwisho walipata nini?

"Tope, Bibi!"

Tope! Basi wakapigana. Walipigana kwa mitungi, wakapigana kwa kata za kuchotea, mpaka mitungi ikawa michache kuliko watu. Wazee wakakaa, wakasema, "Watu wasipigane, wakimbie." Wakafyeka njia iliyonyooka kutoka kichuguuni mpaka kisimani, bila kona hata moja, kwa maana wazee waliwajua wajukuu zao: wangewekewa kona, wangeikata. Wakasema tena kila mtu akimbie peke yake, kwa sababu walipokimbizwa wawiliwawili, mmoja alifika na mwingine alifika bila sikio.

Sasa mtaniuliza, Bibi, kama mtu anakimbia peke yake, walijuaje nani ana mbio? Saa hawakuwa nazo. Walikuwa na Mzee Mhina. Huyu alikuwa mtaja majina. Alisimama kisimani na usinga mkononi. Akiushusha usinga, mkimbiaji anachomoka kule kichuguuni, na yeye anaanza kuwataja wazee wa kijiji, tangu wa kwanza:

"Mgaya akamzaa Senkoro, Senkoro akamzaa Kidundo, Kidundo akamzaa Mbelwa, Mbelwa akamzaa Sekuzi, Sekuzi akamzaa Mnyalu, Mnyalu akamzaa Chambo..."

Huendelea hivyohivyo, kwa mwendo uleule, mpaka mkono wa mkimbiaji uguse ukingo wa kisima. Jina lililo mdomoni hapo ndilo rekodi yako. Ukifika kwa mzee wa karibu na mwanzo, una mbio. Ukifika kwa wa mbali, una miguu tu. Na mtaa wenye rekodi ndio huchota kwanza, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka rekodi ivunjwe. Na sheria ilikuwa moja kubwa: majina ya wazee yakishaanza hayakatwi, hata nyumba ikiungua.

Mlimani alikuwapo kijana akiitwa Sekiondo. Mbio zake za kawaida tu. Lakini mama yake, ee! Yule mama alikuwa na akili ya kumuuzia chura maji. Siku ya mashindano akaenda kisimani na kipande cha kiazi kikuu kwenye jani. Mnakijua kiazi kikuu? Nje kimepoa, ndani moto wa jehanamu. Akangoja, akangoja, na Mzee Mhina alipoinua usinga, akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, utawatajaje wazee na tumbo tupu? Onja kidogo."

Mzee Mhina alipenda kula, Mungu amrehemu. Akakitia chote mdomoni na kushusha usinga papo hapo. Sekiondo akachomoka.

Sasa fikirini. Kutema hawezi, maana kutema chakula ulichopewa na mtu mzima, mbele za watu, ni tusi. Kunyamaza hawezi, majina hayakatwi. Akataja:

"Mgaaa... hhff... hhff... akamzaa... hhff... Sen... hhff... Senkoooo..."

Machozi yakamtoka, yakashuka mpaka ndevuni. Watu wakasema, "Tazameni, analilia wazee wetu!" Wanawake wakapiga vigelegele, na wengine wakalia naye. Alipomeza akapata kusema "Kidundo," Sekiondo alikuwa ameshagusa kisima na anajipangusa vumbi.

"Kafika kwa nani?" akauliza Jumbe, mkubwa wa kijiji.

Mzee Mhina akatazama chini. Aseme nini? Aseme alichezea majina ya wazee kwa ajili ya kiazi?

"Kwa Kidundo," akasema.

Kidundo! Mzee wa tatu! Hakuna aliyewahi kufika huko, hata kwa kuota. Mlimani wakambeba Sekiondo juujuu. Na chekeni hapa, wanangu: nyumba ya Mzee Mhina ilikuwa Bondeni! Aliona haya kusema, basi akanywa tope yeye na jirani zake, miaka na miaka.

Sekiondo hakujua lolote la kiazi. Aliamini. Akaacha kukimbia, akaanza kutembea kama mtu aliyebeba mayai. "Mimi," husema, "kivuli changu hufika nikiwa nimeshakaa." Mama yake akimlisha, akimwambia, "Usikimbie tena, mwanangu. Mbio zako ni za heshima, usizichafue." Tumbo likamtangulia.

Bondeni alikuwapo msichana, jina lake Siwatu. Mama yake alikwisha kufa, naye ndiye aliyemlea mdogo wake, Pazi. Na Pazi tope lilimshinda. Kila kiangazi tumbo lake liliuma, akawa macho tu na mbavu. Siwatu alimchujia maji kwa kanga, akayachuja tena, na bado mtoto akalia. Mganga akasema, "Mpe maji meupe kiangazi hiki, la sivyo sina dawa." Maji meupe! Na rekodi iko kwa Kidundo!

Siwatu akaanza kukimbia. Kila alfajiri, kichuguuni mpaka kisimani, na majina akiyataja moyoni. Mwanzo alifika kwa mzee wa mbali, ambaye hata jina lake watu wamelisahau. Akakaza, akakaza, mwisho akafika kwa Chambo. Mzee wa saba! Lakini Chambo hampiti. Hata afanyeje, Chambo yupo njiani anamngoja. Siku moja akamfungulia mbwa wa jirani, akamuonyesha mfupa kule kisimani, akataja. Mbwa akafika kwa Mbelwa.

Siwatu akakaa chini. "Mbwa mwenye njaa kafika kwa Mbelwa," akajisemea. "Sekiondo kamshinda mbwa?"

Akanyamaza nalo. Lakini siku chache baadaye palikuwa na harusi, na Siwatu alikuwa akigawa chakula. Akampa Mzee Mhina ndizi mbivu. Mzee akaipuliza. Akampa maji ya mtungini, baridi. Mzee akayapuliza, fuu, fuu! Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Siwatu akamtazama yule mzee, akaukumbuka usemi wa watu, kwamba siku ya Kidundo mama Sekiondo alimwonjesha kiazi, kisha akalia. Akaelewa.

Sasa, wewe Saumu, ungefanya nini?

"Ningemwambia Jumbe!"

Ungechapwa. Msichana amwambie Jumbe kwamba mtaja majina ni mwongo? Siwatu alikuwa na adabu kuliko wewe, na ujanja kuliko mimi.

Siku ya mashindano ilipofika, watu wote kisimani, Sekiondo amekaa kwenye kiti na mama yake anampepea. Mzee Mhina akashika usinga. Siwatu akatokea, kabeba jani kwa mikono miwili, na juu ya jani kiazi kikuu kinafuka moshi. Akapiga goti.

"Shikamoo, Babu. Sisi wa Bondeni hatujui heshima. Mwaka ule Mlimani walikulisha, wazee wakafurahi. Nasi tumekuletea."

Mzee Mhina akakiona kile kiazi, akaruka nyuma nusura atumbukie kisimani!

"Sitaki! Kiazi hicho tena? Cha yule mama kiliniunguza ulimi mpaka kwa Kidundo!"

Jumbe akamsogelea.

"Tena?" akauliza Jumbe. "Kiazi kipi?"

Mzee Mhina akaketi kwenye mchanga. Akasema yote, hhff kwa hhff, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli. Macho yote yakamgeukia mama Sekiondo. Yule mama akaacha kupepea. "Jamani, kumkaribisha mtu chakula imekuwa dhambi?"

Jumbe akasema, "Rekodi ya kiazi si rekodi. Wakimbie upya, Sekiondo na Siwatu."

Sekiondo, maskini, alicheka. Aliamini bado. Akavua joho, akajikokota mpaka kichuguuni, usinga ukashuka. Kukimbia akakimbia, ila tumbo lilikwenda kulia na yeye kushoto. Mgaya akapita, Chambo akapita, wazee wote wakapita. Majina yakaisha, na Sekiondo yuko katikati ya njia! Na majina hayakatwi. Basi Mzee Mhina akaingia kwa walio hai: Jumbe, mke wa Jumbe, mafundi, wakunga. Sekiondo alipokaribia kisima akasikia anatajwa yeye mwenyewe nyuma ya wafu, akapiga yowe, "Mimi bado!" na akaanguka kwa kifua ukingoni. Rekodi yake ikawa jina lake.

Siwatu hakucheka. Alisimama kichuguuni akamtazama Pazi kule kisimani, begani kwa shangazi yake, shingo imelegea. Usinga ukashuka. Hakumwona mtu, hakusikia mtu, isipokuwa majina. Mkono wake uligusa jiwe la kisima, na Mzee Mhina, mdomo mtupu, sauti safi, akasema, "Chambo!"

Bondeni wakapiga kelele mpaka ndege wakahama. Siwatu akachota kata ya kwanza, akampa Pazi. Mtoto akanywa, akanywa, akaomba tena, na Siwatu akalia mbele ya watu wote bila kujificha.

Kisha akachukua kata nyingine, akaijaza tope kutoka mtungi wa jana wa Bondeni, akampelekea Sekiondo aliyekuwa bado anahema. "Karibu maji."

Kwa kiu akagugumia. Akatema. "Hiki ndicho mlichokuwa mkinywa?"

"Ndicho. Pamoja na Mzee Mhina."

Sekiondo akaiweka chini ile kata. Akamgeukia mama yake, akasema, "Mama, usinilishe tena." Akamwomba Jumbe mitaa ichote kwa zamu, kata ya huku na kata ya kule, na Siwatu mwenye rekodi akakubali. Mbio zikabaki kuwa za furaha. Ila tangu siku ile, kabla usinga haujashuka, mtaja majina hufungua kinywa, aaa, watoto wote wakachungulia ndani.

Basi wajukuu zangu, ukiunguzwa, piga kelele papo hapo. Ukimeza kwa haya, watakaolia ni jirani zako. Kisa changu kimegusa ukingo wa kisima. Kama ni cheupe kinyweni, kama kina tope kiacheni kitulie. Kisa, kisa!

"Nenda kisa, mkeka tunaukunja!"

Mbona sauti imepungua moja? Mbaruku. Mashavu hayo yamejaa nini? Fungua kinywa.

"Hhff... Bibi! Nimeiba kiazi! Naungua!"

Alaa! Tema, mwanangu, tema hapahapa mkekani. Huyu mmoja kasikia kisa.